Betri Kuukuu Isivunjwe Nyumbani

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Igawa, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima)

 

Nimeombwa niseme juu ya afya. Najua wengi mmekuja mkitazamia habari za choo, maji ya kuchemsha na chandarua. Hayo mmeyasikia, na wazee mliopo hapa mliyasikia kabla mimi sijazaliwa. Mmenisimulia wenyewe jinsi mlivyokaa katika vikundi mwaka 1973, mkaizunguka redio moja kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, kisha mkaenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa.

Nawauliza swali moja tu juu ya redio ile. Betri zake zilipokwisha nguvu, zilikwenda wapi?

Mnacheka, maana mnajua. Kwanza zilianikwa juani. Zikishindwa, mtu aliziuma kwa meno ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Zikifa kabisa walipewa watoto. Watoto walizivunja, wakatoa ule unga mweusi. Na unga ule, ndugu zangu, uliletwa shuleni, ukasagwa pamoja na mkaa na majani, tukapaka ubao. Hata ubao ambao baadhi yenu mlijifunzia herufi a, e, i, o, u ulipakwa hivyo. Nami nilipaka wa darasa langu nikiwa mtoto, kwa mkono mtupu, kisha nikala kiporo changu.

Simlaumu mtu. Hatukujua. Lakini zile zilikuwa betri ndogo za redio moja. Siku hizi nyumba zetu zimejaa.

Vitu vinavyokufa

Hebu tuhesabu kidogo. Nyumba ya kawaida hapa Igawa ina simu, labda mbili. Ina tochi. Ina redio au runinga. Juu ya bati kuna sola, na ndani, mara nyingi chini ya kitanda, kuna betri ya sola. Kijana ana pikipiki, na pikipiki ina betri. Vitu hivi vimetuletea faida, wala sisemi tuvitupe. Mama anapokea fedha kwa simu. Mtoto anasoma usiku bila moshi wa koroboi. Lakini kila kimoja kina siku yake ya kufa.

Wengine mnakumbuka mwezi wa Juni mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia. Siku moja simu zinaongea, siku ya pili zimekuwa bubu. Simu zile zilikwenda wapi? Nyingine zipo bado kwenye makabati, nyingine zilichomwa pamoja na takataka, nyingine zilipewa watoto wachezee.

Vitu hivi vikifa vinaitwa taka za kielektroniki. Dunia nzima inazo. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka hizi. Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia tunajua lori ni nini, basi tuseme kwa malori. Tani hizo zingejaza malori ya tani 40 zaidi ya milioni moja na nusu. Mstari wa malori hayo, moja nyuma ya jingine, ungeweza kuizunguka dunia. Na katika taka zote hizo, hata robo yake haikukusanywa na kutengenezwa upya kwa njia iliyo salama.

Leo sitasema juu ya vyote. Nitasema zaidi juu ya kitu kimoja, kwa sababu ndicho kinachovunjwa hapa kijijini kila wiki mbele ya macho yetu. Ni betri ya gari, ya pikipiki na ya sola. Ile nzito. Ile tunayoiita betri ya maji, ingawa hata ile iliyozibwa isiyoongezwa maji ni ndugu yake. Baadaye nitagusa vingine.

Kilichomo ndani

Ukiinua betri ya gari unasikia uzito. Ule si uzito wa plastiki wala wa maji. Ni uzito wa risasi.

Neno hili lisiwachanganye. Tukisema risasi tunafikiri bunduki. Lakini bunduki ilikuta madini yanaitwa hivyo, nayo ikapewa jina kwa sababu vidonge vyake vilitengenezwa kwa madini hayo. Risasi ni madini laini, ya kijivu, mazito. Yanayeyuka upesi. Huhitaji kiwanda wala mkaa wa mawe, joto la digrii 327 linatosha, na mafiga matatu yenye kuni kavu yanalifikia. Hapo ndipo ulipo mtego. Dhahabu ya Chunya inamsumbua mtu mpaka aipate, lakini risasi ya betri mtoto wa darasa la tano anaweza kuiyeyusha nyuma ya jiko la mama yake.

Betri moja ya gari inaweza kuwa na risasi kilo 10 hivi. Maji yaliyomo si maji, ni asidi, tindikali kali inayounguza ngozi na kupofusha jicho. Asidi hiyo imekaa na risasi miaka miwili, mitatu, kwa hiyo imebeba vumbi la risasi. Ukiimwaga chini, umemwaga na risasi.

Sasa risasi ikiingia mwilini inafanya nini? Nitasema kama nilivyoelezwa na waganga wa hospitali, kwa maneno ya kawaida. Mwili wa mtu unahitaji madini kama ya chokaa ili kujenga mifupa na meno. Risasi inafanana nayo, kwa hiyo mwili unadanganyika, unaipokea kama mgeni mwema na kuiweka ndani ya mifupa. Huko inakaa miaka mingi. Mwanamke akipata mimba, mifupa yake inatoa chokaa ili kumjenga mtoto tumboni, na risasi inatoka nayo, inakwenda kwa mtoto. Mama anaweza kuwa alishika risasi akiwa msichana, na mtoto akazaliwa nayo.

Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Risasi ileile iliyomezwa, mwili wa mtoto mdogo unaichukua mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima. Tena mtoto anatambaa, anashika udongo, anatia vidole kinywani. Risasi inashambulia ubongo wake ungali unajengwa. Inapunguza damu. Mtoto anakuwa mzito wa kuelewa, mkali bila sababu, hakui vizuri. Ikizidi anatapika, tumbo linamkata, anapata kifafa, anapoteza fahamu, anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa nini hatukuijua sumu hii zamani? Kwa sababu haina harufu mbaya. Haiui siku ileile kama nyoka. Na dalili zake zinafanana na magonjwa tunayoyajua. Mtoto akiumwa tumbo tunasema minyoo. Akishtuka na kukakamaa tunasema degedege, na wengine wanakimbilia kwa mganga wa kienyeji. Akishindwa kusoma tunasema mvivu, tena tunamchapa.

Sufuria ya mama

Nitawaambia kosa langu, maana mwalimu anayeficha kosa lake anafundisha nusu.

Mwaka 2017 nilisimamia darasa la kisomo la jioni katika kijiji kimoja, si mbali na hapa. Wanakisomo walichanga wakanunua sola na betri kuukuu ya gari. Tulisoma kwa taa miezi mingi. Kisha betri ikafa. Wanakisomo wakaniuliza: mwalimu, tuifanyeje? Mimi nimetoka chuo cha ualimu, naonekana mjuzi. Nikasema tusipoteze mali. Tukamwaga asidi kwenye shimo nyuma ya darasa. Tukaivunja betri kwa shoka. Mama mmoja, mwanakisomo hodari sana, akatuazima sufuria. Tukawasha moto, tukayeyusha risasi, tukaimimina kwenye vijishimo vya mchanga ili ipate umbo. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa anakwenda Mtera akainunua awapelekee wavuvi wafanye vizito vya nyavu. Tulipata shilingi 9,000, tukanunua chaki na daftari. Watoto walikuwa wamesimama kuzunguka moto, wanashangilia risasi inavyong'aa. Nilikuwa nimefurahi. Nilidhani nimewafundisha kujitegemea.

Sufuria tukamrudishia mama. Akaisugua kwa majivu, akaendelea kupikia.

Miaka miwili baadaye nilikaa katika semina pamoja na watu wa afya. Mganga mmoja akaeleza habari za betri, hatua kwa hatua, kana kwamba alikuwepo siku ile na kutuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke. Semina ilipokwisha sikwenda nyumbani, nilinunua sufuria mpya nikapanda pikipiki mpaka kwa yule mama. Nikamwambia, “Mama, naomba ile sufuria yako.” Akacheka, akasema, “Mwalimu, umekuja kuposa sufuria?” Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, “Sasa mbona siku ile hukuniambia?”

Sikuwa na jibu. Jibu la kweli ni kwamba sikujua, na sikujua kwamba sijui.

Udongo wa nyuma ya darasa tulirudi tukaufunika kwa udongo mwingine mwingi, tukapanda nyasi, na watoto wakakatazwa kucheza pale. Zaidi ya hapo tungehitaji wataalamu. Risasi haiozi kama ganda la muhogo. Mvua hainyeshei ikaisha. Inakaa.

Yaliyowapata wenzetu

Msifikiri haya ni maneno ya kutishana. Mjini Mombasa, nchini Kenya, kuna mtaa wa watu wa hali ya chini unaoitwa Owino Uhuru. Wanaishi pale watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kilianza kiwanda jirani nao cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia nyumbani mwao, maji machafu yakapita uani.

Mwaka 2009 aliajiriwa pale mama mmoja kijana, Phyllis Omido. Alikuwa ananyonyesha. Mtoto wake akaugua homa isiyokwisha. Alipimwa malaria, alipimwa homa ya matumbo, haikuonekana kitu. Mwishowe alipimwa risasi, ikaonekana kwenye damu yake. Mtoto hakuwahi kucheza kiwandani. Mama alijua kwamba huenda sumu ilipita kwenye maziwa yake mwenyewe.

Mama huyu aliacha kazi, akaanza kuwauliza majirani kama watoto wao wanaumwa. Walikuwa wanaumwa. Aliandamana, alikamatwa, hakuacha. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira duniani. Wananchi wakaenda mahakamani, na mwezi Julai mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapandishwa rufaa, ikazunguka, mpaka Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema uamuzi ule wa fidia usimame. Hesabuni wenyewe: tangu 2007 mpaka 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa amekuwa kijana.

Pale palikuwa na kiwanda. Sasa sikilizeni habari ya mahali ambapo hapakuwa na kiwanda, kazi ilifanywa majumbani kama tunavyofanya sisi. Ni Senegal, pembeni ya mji wa Dakar, mahali panapoitwa Thiaroye-sur-Mer. Watu walivunja betri kwa miaka mingi, na mchanga wa pale ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuuchimba mchanga ule, wakauchekecha, wengine wakaupeleka nyumbani kwa magunia. Akina mama walifanya kazi hiyo watoto wakiwa karibu nao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa. Mwanzoni hakuna aliyejua wanakufa kwa nini. Ni watoto wadogo.

Nimesema watoto 18. Darasa letu la kisomo lina watu 24.

Risasi ni mali, lakini ina mahali pake

Mzee mmoja ananitazama kama anayesema: basi, mwalimu, tuizike. Hapana, mzee wangu. Ukizika betri bondeni huku Usangu, asidi itatafuna, ganda litapasuka, na risasi itakwenda kwenye udongo. Sisi tunalima mpunga kwa maji ya mifereji. Mto Mbarali unapita hapa Igawa, unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu, na maji yale yanafika Mtera. Anayechafua hapa hajichafulii peke yake.

Tena kuzika ni kutupa mali. Risasi ya betri inaweza kuyeyushwa ikawa betri mpya, ikafa, ikayeyushwa tena, mara nyingi. Kazi hiyo ni nzuri na dunia inaihitaji. Shida ni mahali na namna. Kiwanda kinachofaa kinavunja betri kwa mashine iliyofungwa, asidi inazimwa nguvu kwa dawa, moshi unachujwa kabla haujatoka, wafanyakazi wanavaa vifuniko vya pua na kupimwa damu. Mafiga matatu hayana hata kimoja cha hivyo. Na kama mlivyosikia habari ya Mombasa, hata bango lenye jina la kiwanda halitoshi mpaka wenye kukagua wakague.

Kwa hiyo kazi yetu wanakijiji ni moja: betri itoke kijijini ikiwa nzima, na asidi yake ndani.

Hapa ndipo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapotushinda. Mnunuzi anakuja na mizani yake ya kuning'iniza, anakwambia, “Mwaga maji kwanza, sinunui maji.” Sasa tufanye hesabu, hii ndiyo faida ya kisomo. Tuseme betri yako nzima ina kilo 18, na ikimwagwa asidi inabaki kilo 14. Tuseme bei ya iliyomwagwa ni shilingi 1,000 kwa kilo. Kilo 14 mara 1,000 ni shilingi 14,000. Sasa mwambie mnunuzi akupe bei ya nzima, hata kama ni shilingi 800 kwa kilo. Kilo 18 mara 800 ni shilingi 14,400. Umepata zaidi kwa shilingi 400, hukumwaga sumu uani kwako, na mguu wako haukuungua. Bei hizo ni za mfano tu, zinapanda na kushuka. Lakini chukua kalamu, piga hesabu palepale mbele yake. Mnunuzi akiona unaandika anabadilisha sauti.

Njia bora zaidi ni kurudisha betri dukani unaponunua mpya. Maduka mengi ya Makambako na Mbeya yanapokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Uliza kabla hujalipa, si baada ya kulipa.

Na sheria ipo upande wetu. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitolewa kanuni za taka za kielektroniki na za taka hatarishi. Betri kuukuu ni taka hatarishi, na anayezikusanya kwa biashara anatakiwa awe na kibali. Muombe akuonyeshe, maana sasa unajua kusoma. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, nao wana ofisi ya kanda Mbeya. Mkiona mtu ameanzisha uyeyushaji karibu na makazi, andikeni barua kwa Mtendaji wa Kijiji, na nakala ipelekwe Halmashauri kule Rujewa. Barua, ndugu zangu, siyo minong'ono kwenye kilabu. Barua ina tarehe.

Msidhani risasi haishindiki. Zamani petroli ilikuwa na risasi, na sisi wa kando ya barabara tulivuta moshi wake. Tangu mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza, na mwaka 2021 nchi ya mwisho duniani ikaacha.

Vijana wa chini ya mti

Ninyi vijana nina maneno machache. Mnachoma nyaya ili mpate shaba, wenyewe mnaiita kopa. Plastiki ile ikiungua inatoa moshi wenye sumu za kuleta saratani, na moshi huo unatua kwenye mboga za mama zenu. Menyeni waya kwa kisu. Inachelewa, lakini shaba isiyoungua ni safi zaidi.

Simu ikivimba betri, usiitoboe, usiichome, usiiweke chini ya mto unalala. Inalipuka. Mpelekee fundi simu. Betri ndogo za tochi zisipewe watoto, na zile za duara kama kifungo cha shati ziwekwe mbali kabisa, mtoto akiimeza inaunguza koo lake kwa muda wa saa chache, akimbizwe hospitali. Taa za mirija zina zebaki, ileile ya wachimbaji wa Chunya. Isipasuliwe.

Na betri ya sola itoke chini ya kitanda! Inapochajiwa inatoa hewa inayoshika moto. Iwekwe mahali penye hewa, juu ya ubao, mtoto asifike. Usiichungulie na kiberiti. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika ishirini bila kuacha, kisha nenda zahanati.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: “Mimi mume wangu ni fundi betri. Tukale nini?” Nikamjibu kwamba sisemi aache ufundi. Kuchaji betri na kuziongeza maji ni kazi. Aache kuvunja na kuyeyusha. Afanye kazi mbali na nyumba, nguo za kazi azivue kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, aoshe mikono na uso kwa sabuni kabla hajampakata mtoto. Pale kazini pasifagiliwe pakavu, panyunyiziwe maji kwanza vumbi lisipande.

Mzee mmoja aliuliza kama maziwa yanaondoa sumu, maana ndivyo wasemavyo mafundi. Maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani ni vizuri, kwa sababu mtoto mwenye chokaa na damu ya kutosha anapokea risasi kidogo zaidi. Lakini maziwa hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia. Risasi hupimwa kwa damu, na zipo dawa za hospitali kwa aliyezidiwa. Mkienda zahanati na mtoto mwenye degedege au tumbo lisilopona, msiseme tu “anaumwa”. Mwambieni mganga: “Nyumbani kwetu tuliyeyusha betri.” Mganga hawezi kulikisia neno hilo.

Kijana mmoja akasema ana betri tatu alizokwisha kuzipasua, risasi yake imo kwenye gunia. Nilimshukuru kwa kusema kweli. Gunia hilo lisifunguliwe, liwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, lisilale nyumba moja na watoto, na tutaliunganisha na zile nzima siku ya kuzipeleka.

Siku hiyo tumekubaliana na Mwenyekiti kwamba kila mwisho wa mwezi betri zitakusanywa hapa ofisini, zikiwa zimesimama wima, ndani ya kreti za plastiki. Mwanakisomo mmoja ataandika jina la mwenye betri na kilo zake katika daftari, ili fedha zirudi kwa mwenyewe. Aliyechaguliwa kuandika ni yule mama wa sufuria, ambaye alihamia hapa Igawa mwaka jana. Kreti ya kwanza nimekuja nayo, ipo pale mlangoni.